"Amateur" si lazima awe mwanagenzi

Kwenye magari ya watalii hapa Arusha utasikia mgeni akijitambulisha kuwa "amateur photographer", na baadhi yetu papo hapo tunamhesabu mwanagenzi: tunaanza kumwelekeza asimame upande gani wa jua. Kumbe lenzi yake ndefu kama mkono, na anaijua barabara.

Neno hilo Kiingereza kimelitoa Kifaransa, na mzizi wake wa Kilatini ni kupenda. Ni mtu afanyaye jambo kwa mapenzi, si kwa malipo, kama tusemavyo ndondi za ridhaa. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, riadha ya kimataifa ilikuwa bado ya ridhaa. Nani angethubutu kumwita mwanagenzi?

Kweli, wenye Kiingereza chao nao hulitumia kwa kejeli, wakimaanisha kazi ya kulipua. Hapo sikiliza sauti ya msemaji. Anayeanza ni "beginner" au "novice", ndugu wa wanovisi wetu wa utawani. "Rookie" ni mgeni wa kikosi au timu. Na "freshman" ni wa mwaka wa kwanza masomoni huko Marekani, si mpagazi anayepanda Kilimanjaro mara ya kwanza.