Ukiukaji wa mazoea: kwa nini anayeijua kanuni ya usalama huivunja

Ukiukaji wa mazoea ni kuvunja kanuni ya usalama mara kwa mara mpaka uvunjaji wenyewe unakuwa ndiyo namna ya kufanya kazi. Si sawa na kosa. Aliyekosea alikusudia kufanya sahihi akateleza. Mkiukaji anajua kanuni inasemaje na bado anaipita. Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alitenganisha mambo haya mawili, na ni tofauti yenye uzito: mafunzo humsaidia asiyejua. Anayejua ukimrudisha darasani unampotezea muda tu.

Mtazame fundi anayekata chuma kwa grenda. Kinga ya diski inamzuia kufika konani, basi anaifungua. Kazi inakwenda. Kesho haoni haja ya kuirudisha, na kwa kuwa kinga haipo, hata diski kubwa sasa inaingia. Diski ya milimita 230 kwa kawaida huandikwa kikomo cha mizunguko kama 6,600 kwa dakika; grenda ndogo kama yake huzunguka takriban 11,000, kupita kikomo hicho. Siku ikipasuka, vipande vitamrukia usoni, na miwani ameshaivua kwa sababu jasho linaitia ukungu.

Siku hiyo inaweza isifike kwa miaka, na hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Kila jioni anayorudi nyumbani mzima inamfundisha kwamba kanuni ni za waoga, huku faida akiiona palepale: amemaliza mapema, msimamizi amefurahi, hakuna aliyeuliza kinga iko wapi. Mgeni kazini naye hujifunza kwa kuwatazama wenzake, bango la ukutani halisomi.

Hata wataalamu wa hali ya juu huzoea hatari. Kabla chombo cha anga cha Marekani, Challenger, hakijasambaratika angani tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu 7, wahandisi walishaona katika safari za nyuma pete za mpira za kuzibia viungio vya roketi zikiunguzwa na gesi. Vyombo vilirudi salama, dalili ikazoeleka.

Ndiyo maana kumwita mfanyakazi mkaidi hakunitoshi. Afadhali tuulize kanuni inamgharimu nini. Kuna kifaa kinachofika konani bila kuvuliwa kinga? Kuna miwani inayopitisha hewa? Na muda aliopewa unatosha akifuata kila hatua? Mara nyingi hautoshi, na aliyepanga ratiba anajua.