Upotevu wa joto katika jengo linalopitisha upepo, na jinsi ya kukadiria hita ya umeme

Upotevu wa joto ni kasi ambayo joto la ndani ya jengo hutorokea nje kwenye baridi. Hupimwa kwa wati, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha hita, na hilo linarahisisha mambo sana. Chumba kinachopoteza wati 3,000 kitabaki na joto lake iwapo kuna kitu ndani kinachotoa wati 3,000. Hita ikiwa ndogo kuliko hapo, joto litashuka hadi upotevu ulingane na nguvu ya hita, kisha litatulia hapo chini, hata ukiiacha inawaka usiku kucha.

Joto hutoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupenya ndani ya ukuta, kioo, dari na sakafu. Kila sehemu ina thamani yake ya U, yaani wati zinazopita katika mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Dirisha la kioo kimoja lina U ya kama 5. Ukuta wa matofali usiokingwa kwa chochote huzunguka 2, na ukuta uliokingwa vizuri dhidi ya baridi hufika 0.3 au chini yake. Unazidisha U kwa eneo, kisha kwa tofauti ya joto, basi. Sehemu hii haina utata: ukiwa na futi kamba na jedwali la U, watu wawili watapata majibu yanayokaribiana.

Njia ya pili ni hewa, na hapa ndipo makadirio ya majengo mengi ya zamani huharibika. Hewa ya moto inatoka, ya baridi inaingia kushika nafasi yake, na hita inalazimika kuipasha upya. Kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa digrii moja huhitaji kama wati-saa 0.33. Kwa hiyo upotevu wa njia hii ni 0.33 mara ujazo wa chumba, mara idadi ya mabadiliko ya hewa kwa saa (yaani mara ngapi hewa yote ya chumba hubadilishwa ndani ya saa moja), mara tofauti ya joto. Ujazo unapimika na joto linapimika. Idadi ya mabadiliko ya hewa ndiyo isiyoonekana kwa macho: nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kuwa na chini ya 0.5, na jengo kuukuu lenye milango isiyokaa sawa likafika 3 au zaidi siku ya upepo.

Tuchukue ukumbi wa mita 10 kwa 6, wenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 180 za ujazo. Nje kuna digrii 3, na ndani tunataka 18, kwa hiyo tofauti ni 15. Kuta zina mita za mraba 84 zenye U ya 2: wati 2,520. Madirisha ya kioo kimoja, mita za mraba 12: wati 900. Dari yenye U ya 2: wati 1,800. Sakafu, tukiichukulia kuwa na 0.7: wati 630. Jumla ni wati 5,850. Sasa hewa. Ikibadilika mara 1 kwa saa, inaongeza wati 891 tu. Ikibadilika mara 3, ni 2,673. Ikibadilika mara 6, ni 5,346, karibu sawa na kuta, madirisha, dari na sakafu kwa pamoja. Ukumbi ni uleule na vipimo ni vilevile, ila jibu linatoka kwenye kilowati 6.7 hadi 11.2 kwa sababu ya namba moja uliyoikisia.

Ndiyo maana napendelea jengo lenyewe litoe jibu. Washa hita unayoijua nguvu yake, tuseme kilowati 3, bila thamostati (kidhibiti joto chake) kuizima, huku jengo likiwa tupu na jua limeshazama. Weka kipimajoto ndani na kingine nje. Joto la ndani likiacha kupanda, gawanya wati kwa tofauti uliyoisoma. Ukumbi wetu wenye mabadiliko 3 ungetulia kwenye tofauti ya digrii 5.3 hivi, 3,000 ukigawa kwa 5.3 unapata kama wati 566 kwa kila digrii. Zidisha kwa 15, unapata kilowati 8.5. Jaribio hili linataka subira, maana kuta nzito hunyonya joto kwa muda mrefu kabla ya kutulia, na ukisoma mapema utaona upotevu mkubwa kuliko ulivyo. Lirudie usiku wa upepo. Pengo kati ya majibu hayo mawili linakuonyesha upepo unakugharimu kiasi gani.

Pengo hilo likiwa kubwa, ziba kabla ya kununua hita. Watu wengi hukimbilia uwazi ulio chini ya mlango kwa kuwa huko ndiko miguu inakopigwa na baridi. Lakini hewa ya moto hupanda na kutokea juu, kwenye nyufa za dari na bomba la moshi lililoachwa wazi, na kutoka kwake ndiko kunakovuta ile baridi ya chini. Washa kijiti cha udi ukipitishe polepole kando ya fremu na maungio ya dari. Moshi ukilala upande mmoja, pana mwanya. Ila kama ndani kuna jiko au kifaa kinachochoma gesi au kuni, matundu yake ya hewa yasizibwe kamwe: gesi ya kaboni monoksidi huua, na haina harufu.

Juu ya upotevu uliopata, ongeza kama robo ili jengo lililopoa lipate joto kwa muda wa kuridhisha. Ukumbi wetu unafika kilowati 10 na ushee. Usihangaike sana na matangazo ya hita, kwa sababu hita zote za waya wa moto hugeuza umeme wote kuwa joto. Ya kilowati 2 ya bei ghali hutoa joto sawa na ya bei rahisi. Kinachotofautiana ni joto linakoelekea. Hita ya mnururisho huwapasha watu moja kwa moja bila kusubiri hewa, kwa hiyo mahali ambapo milango hufunguliwa kila mara inaweza kukutosha ikiwa na nguvu ndogo kuliko hesabu inavyodai. Watu nao husaidia: mtu aliyekaa hutoa kama wati 100.

Kilowati 10 kwenye umeme wa volti 230 ni ampea 43 hivi. Hita tano za kilowati 2 zikichomekwa kwenye soketi za laini moja zitaangusha breka, na kama breka haifanyi kazi, waya zitapata moto ukutani. Mzigo huo unahitaji laini zaidi ya moja, au waya mnene wa peke yake uliofungwa na fundi umeme, na hita hizo zisiunganishwe kwa ekstensheni.