Namba Yako Haimo Ndani ya Laini

Nimeulizwa tena na mteja wa kampuni yetu ya simu ya bei nafuu, safari hii kwa herufi kubwa: "Kampuni yenu ina eSIM, saa yangu inapokea eSIM, mnashindwaje kuweka namba yangu kwenye saa?" Muulizaji ameshaamua kuwa ni uvivu. Nitaeleza hapa, kisha kila atakayeuliza tena atatumiwa kiungo.

Namba yako haimo ndani ya laini. Iwe ya plastiki, iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi iliyojengewa ndani ya kifaa, laini hubeba IMSI, tarakimu za kuitambulisha laini yenyewe kwa mtandao, na ufunguo wa siri wa kuithibitisha mtandaoni. Ile "namba yangu" unayoiona kwenye mipangilio ya simu ni maandishi tu. Yafute, na watu wataendelea kukupata. Namba inakaa HSS, hifadhidata ya mtandao, penye mstari unaofunganisha IMSI fulani na namba fulani. Ndiyo maana ukipoteza simu unapewa laini nyingine yenye IMSI nyingine, na namba inabaki ile ile. Kilichobadilishwa ni huo mstari.

"Basi nakilini laini yangu." Ufunguo umetengenezwa usinakilike. Na hata ungenakilika, HSS inaitambua kila IMSI mahali pamoja tu. Saa ikijisajili, usajili wa simu unafutwa. Simu ikirudi, saa inatolewa. Vitapigana vikumbo kutwa, na betri ya saa ndiyo itakayoumia.

"Basi elekezeni simu zangu ziende kwenye saa." Hili linanichosha kuliko yote kwa sababu ni nusu kweli. Saa itaita, sawa. Ila ukipiga kutoka kwenye saa, mama yako ataona namba asiyoijua na hatapokea. Ujumbe mfupi nao haufuati maelekezo hayo. Utabaki kwenye simu uliyoiacha nyumbani. Hapo umenunua saa ya kupokea tu.

Kinachotakiwa ni hiki: saa inapewa IMSI yake, mara nyingi na namba yake iliyofichwa, kisha IMS, mfumo unaobeba sauti juu ya 4G, unavisajili vifaa vyote viwili chini ya utambulisho mmoja. Ukipigiwa, vyote vinaita. Ukipokea mkononi, mfukoni kunanyamaza. Ukipiga kutoka kwenye saa, inaonekana namba ya simu. Juu ya hayo inahitajika seva ya kuijibu simu pale inapouliza, "Huyu mteja anaruhusiwa kuunganisha saa?" GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, imeyaandikia mazungumzo hayo kanuni, TS.43. Na mtengenezaji wa saa naye lazima aikubali kampuni yako. Apple wamekuwa wakifanya hivyo tangu Apple Watch Series 3 ya 2017. Bila hivyo, kitufe cha kuongeza laini hakikusaidii kitu.

Sasa, HSS na IMS ni za nani? Kampuni nyingi za bei nafuu hazina hata kimoja. Zinakodi minara na mitambo ya ndani. Kilicho chao ni jina, vifurushi, mfumo wa malipo na sisi tunaopokea matusi. Huwezi kuongeza mstari kwenye hifadhidata ya mwenzio kama hajakufungulia mlango.

Maelezo rasmi huishia hapo: ni teknolojia. Mimi nasita. Kule Marekani, Visible ni kampuni ya bei nafuu na Apple Watch inafanya kazi kwao, lakini mmiliki wao ni Verizon, kampuni kubwa yenye minara yake. Hiyo ni rahisi kuelewa. Lakini Xfinity Mobile, kampuni nyingine ya huko, si mali ya Verizon, inatumia mtandao wa Verizon, na inauza huduma ya saa. Kwa hiyo mlango unafunguka, kwa mwenye wateja wengi wa kuweka mezani. Nashuku wenye minara wanapenda saa ibaki kuwa sababu ya kutowahama. Kuthibitisha siwezi; mikataba hiyo ni ya siri.

Hata mlango ungefunguliwa, hesabu ni ngumu. Saa haitumii data nyingi, lakini inalipiwa nafasi yake kwenye mitambo, inajaribiwa kila toleo jipya linapotoka, na mteja mmoja akipiga huduma kwa wateja kulalamika kuwa saa haiiti, faida yake ya mwezi imekwisha.

Kabla ya kununua saa yenye 4G, fungua orodha ya mtengenezaji utafute jina la kampuni inayokutoza pesa. Kumkuta mwenye minara kwenye orodha hiyo hakukusaidii.