Bonge la Malindi linalojua habari za Ukambani

Wageni wanaopanda mashua za kioo pale Casuarina huoneshwa samaki wa rangi na matumbawe yenye matawi. Hakuna anayeyapiga picha yale mabonge makubwa ya kahawia yaliyokaa kando, yamevimba kama viazi vikuu. Kazi yangu ni hayo mabonge. Nikiulizwa kiumbe cha ajabu kuliko vyote katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, simtaji kasa wala papa. Nalitaja bonge.

Kitaalamu ni tumbawe la jenasi ya Porites. Kilicho hai ni ngozi ya juu tu, ambayo unene wake haufiki hata sentimita moja. Ngozi hiyo ni maelfu ya wanyama wadogo, kila mmoja ana upana wa kama milimita moja, wameshikana, na kila mmoja amejijengea kikombe cha chokaa. Anapokua hujiinua kidogo, huiacha chokaa ya zamani chini na kujenga mpya. Kwa hiyo ukipita ngozi, ndani ni mifupa mitupu iliyorundikana mwaka juu ya mwaka. Huongezeka kwa sentimita moja na ushei hivi kila mwaka. Bonge lenye kimo cha mita tatu, basi, lilikuwepo pale kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja.

Kulisoma si lazima kulivunja. Twazamia na mitungi, tunalitoboa kutoka utosini kwa keekee ya upepo, tunachomoa kijiti kirefu cha jiwe, kisha tundu linazibwa. Baada ya muda ngozi hutambaa ikafunika kiraka. Nahodha mmoja mtu mzima, akitutazama tunapakia vijiti mashuani, aliniuliza: "Mwanangu, hilo jiwe litakwambia lipi tusilokwambia sisi?" Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa mikutanoni.

Kijiti kikipasuliwa vibao na kupigwa eksirei, hutokea mistari inayopokezana, mizito na miepesi. Jozi moja ni mwaka mmoja. Unaanza juu, mwaka wa kutobolewa, unahesabu ukishuka. Kipo kijiti cha Malindi, ambacho matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, kilichofika hadi 1801. Humo watafiti walipima oksijeni iliyofungwa ndani ya chokaa, ambayo ina chembe nyepesi na chembe nzito. Maji yakiwa na joto zaidi, oksijeni nzito inayoingia kwenye mfupa hupungua, na kwa njia hiyo jiwe linakuwa kipimajoto. Iligundulika kwamba misukosuko ya El Niño, ambayo kitovu chake ni Bahari ya Pasifiki, inasomeka vizuri kwenye mwamba wetu huu.

Lakini kwangu mimi ajabu kubwa zaidi ni ya udongo.

Mto Athi unatoka nyanda za juu upande wa Nairobi, unapita Ukambani, unaitwa Galana baada ya kukutana na Tsavo, na unatufikia ukiwa Sabaki, kaskazini kidogo ya mji. Tope lake limebeba madini ya bariamu yaliyong'ang'ania chembe za udongo. Tope likikutana na maji ya chumvi, chumvi huibandua bariamu hiyo, ikayeyuka baharini. Sasa, bariamu na kalisiamu ni ndugu wa kundi moja katika jedwali la elementi, na tumbawe linapojenga kikombe chake kwa kalisiamu, chembe chache za bariamu hupenya na kukaa mahali pa kalisiamu. Hazitoki tena. Tope jingi, bariamu nyingi, na mstari wa mwaka ule unaonesha.

Kila mvuvi wa hapa anajua tope linakuja lini. Wakati wa kaskazi mkondo huteremka kusini na bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi mkondo unapanda, na tope linapelekwa kaskazini, upande wa ghuba ya Ungwana. Kwa hiyo bonge letu linasikia zaidi mafuriko ya vuli kuliko ya masika. Ni kumbukumbu yenye upendeleo, na anayeisoma asilisahau hilo.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300. Tangu karibu 1700 hadi mwisho wa karne ya 19, bariamu iko chini na imetulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 inapanda, na haikurudi ilikokuwa. Hapo nilipata jibu la yule nahodha. Yeye anaijua bahari yake na ya babake. Jiwe linakumbuka ya mababu waliomzaa babu yake.

Tarehe hiyo ina uzito. Miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilijulikana kwa mmomonyoko, na serikali ya kikoloni iliwalaumu Wakamba kwamba wana ng'ombe wengi mno. Ng'ombe wao wakachukuliwa kwa nguvu, ndipo mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza watu kwenda Nairobi kudai mifugo yao. Tumbawe haliwezi kutaja jina la aliyelima mteremko fulani au aliyekata msitu fulani, na sitalisemea. Ila linaonesha kwamba tope lilianza kuongezeka miongo kadhaa kabla ya zogo la ng'ombe, katika miaka ileile ambapo reli ilikuwa imeshafika bara, walowezi wanagawiwa ardhi na wenyeji wanasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Wakubwa wa wakati ule walianza kuhesabu hasara katikati ya hadithi.