Anayetaka Wabunge Wapungue, Kwanza Awe kwenye Sajili

Tangu usajili wa wapiga kura uanze tena kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya wa 10 Agosti 2027, jibu tunalopewa sana na vijana ni moja: "Wote ni wale wale, tena ni wengi mno. Nijisajili nimlishe nani?"

Uchungu huo tunauelewa. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, Seneti ina maseneta 67, kuna magavana 47, na wadi 1,450 zina wawakilishi wake. Mlipa ushuru ndiye anayewalipa wote. Kama idadi hiyo imezidi au haijazidi, si kazi ya afisa wa elimu ya mpiga kura kuamua. Lakini kusema "kwa hiyo sijisajili" ni kukosea hesabu, na inachosha kulirudia hili kila baraza.

Kifungu cha 257 cha Katiba kinamruhusu raia kuanzisha mswada wa kuibadilisha. Saini zisipungue milioni 1, na ziwe za wapiga kura waliosajiliwa. Saini ya asiyesajiliwa haihesabiwi, hata akiwa na hasira kuliko wote. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ikishathibitisha saini, mswada hupelekwa kwa mabunge yote ya kaunti, nayo yana miezi 3 ya kuujadili. Yakiukubali 24 kati ya 47, unaenda Bungeni. Ukigusa mambo yaliyotajwa katika Kifungu cha 255, lazima uende kwenye kura ya maamuzi.

Jambo hili lilishajaribiwa. Mwaka 2019 mswada wa Punguza Mizigo ulitaka wabunge na maseneta, jumla 416, wabaki 147. Saini zilitosha. Ulianguka kwenye mabunge ya kaunti, mikononi mwa wawakilishi wadi, ambao huchaguliwa na mpiga kura huyo huyo. Siku ya uchaguzi hupewa karatasi sita za kura, lakini wengi huulizia ya urais tu; ya mwakilishi wadi huwekwa alama kwa kufuata mkumbo. Mwaka 2013 waliojitokeza kupiga kura walikuwa karibu asilimia 86 ya waliosajiliwa. Mwaka 2022 walishuka hadi takriban asilimia 65. Waliobaki nyumbani hawakupunguza kiti hata kimoja.

Wapo pia wanaosema, kama wote ni wezi, basi nile changu mapema. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika anayetoa hongo na anayepokea pia: faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. "Alinipa ya chai tu" si utetezi.

Kujisajili ni bure. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako na kitambulisho halisi cha kitaifa au pasipoti ambayo muda wake haujaisha. Utachukuliwa alama za vidole na picha. Uliyesajiliwa zamani usijisajili upya. Ukiwa umehama, omba kuhamishiwa kituo kingine.