Ganda la Kombe, Mzabibu na Mijusi: Dhana Potofu Kuhusu Nakshi za Vyombo vya Fedha

Dhana potofu: Kila jani, tunda au mnyama kwenye chombo cha fedha cha mezani huwa na maana moja isiyobadilika.

Ukweli: Maana hutegemea zama, mwenye chombo na, zaidi ya yote, kilichowekwa ndani yake. Ganda la kombe lilikuwa alama ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, aliyesimuliwa kuwa alizaliwa baharini. Karne nyingi baadaye Wakristo waliohiji Santiago de Compostela, nchini Uhispania, walilivaa kama ushahidi wa safari yao. Lakini mfua fedha Nicholas Sprimont alipotengeneza London, mnamo 1742 na 1743, vibakuli vya chumvi vyenye makombe, kaa na kamba kwa ajili ya Frederick, Mwanamfalme wa Wales, viumbe hao waliitaja bahari, ambako chumvi hutoka. Mzabibu nao kwenye kikombe cha ibada huashiria damu ya Kristo, ilhali kwenye chombo cha kupozea mvinyo humkumbusha mlaji Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi, na raha ya karamu.

Dhana potofu: Nanasi limeashiria ukarimu tangu kale.

Ukweli: Columbus na wenzake walilikuta Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, mwaka 1493, na kwa muda mrefu lilibaki Ulaya tunda adimu la gharama kubwa, hivyo lilitangaza kwanza utajiri na hadhi. Tafsiri ya ukarimu ilienea baadaye sana.

Dhana potofu: Wadudu na mijusi wanaoonekana kama wako hai ni maonyesho ya ustadi wa kuchonga tu.

Ukweli: Wengi hawakuchongwa kamwe. Wenzel Jamnitzer, mfua fedha wa Nuremberg, Ujerumani, alifunika mimea na wanyama halisi kwa kalibu, akaichoma hadi vikawa majivu, kisha akamimina fedha iliyoyeyushwa katika uwazi uliobaki. Pambo lake kubwa la meza la mwaka 1549, lililopo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, limebebwa na mwanamke ambaye maandishi ya Kilatini yanamtambulisha kuwa ni Dunia, mama wa vitu vyote, aliyeelemewa na mazao yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ufundi na maana vinapokutana kwa nguvu zaidi: majani yaliyomzunguka yaliwahi kuota ardhini, na fedha yenyewe ilichimbwa humo humo.