Je, wajua kwa nini wanasiasa wanaume huhatarisha vyeo vyao kwa mapenzi ya siri?

Kiongozi akifumaniwa, kijiwe chochote cha kahawa, kiwe Mikindani au Masasi mjini, hukosi kusikia maelezo matatu. Kwanza, huyo kalishwa limbwata. Pili, katengenezewa na mahasimu wake ndani ya chama. Tatu, na hili hata wasomi hulikubali: wanaume wenye madaraka wana tamaa kuliko wanaume wengine.

Swali lenyewe linastahili jibu zito zaidi. Mtu kaanza na udiwani, kahangaika na kura za maoni, kauza shamba la mikorosho kulipia kampeni, mwishowe kaingia bungeni. Anajua kila simu ina kamera na wapinzani wanamtafutia kosa. Kwa nini aweke yote hayo rehani?

Na wala si jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 1963 John Profumo, waziri wa vita wa Uingereza, alijiuzulu baada ya kulidanganya bunge kuhusu uhusiano wake na Christine Keeler. Mwaka 1987 Gary Hart, aliyekuwa akiongoza mbio za kuteuliwa na chama cha Democrat kugombea urais wa Marekani, aliwaambia waandishi wa habari wamfuate wakitaka, watachoka bure. Maneno hayo yalichapishwa tarehe 3 Mei, siku ileile gazeti la Miami Herald lilipotoa habari za mwanamke aliyeonekana nyumbani kwake. Tarehe 8 Mei alikuwa ameshajitoa. Eliot Spitzer naye, gavana wa New York, alikuwa amewahi kushitaki mitandao ya ukahaba akiwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwaka 2008 alijiuzulu kwa kuwa mteja wa mtandao wa aina hiyohiyo, na kilichomfichua ni benki kutilia shaka malipo yake.

Huyu Spitzer ndiye anayenisumbua zaidi. Hakuna aliyeijua mitego ya sheria kuliko yeye, na kuijua hakukumzuia. Kwa hiyo hatuwezi kusema watu hawa hawaelewi hatari.

Turudi kwenye tamaa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka 2011 Joris Lammers na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji watu 1,561 wa Uholanzi wenye kazi za kitaaluma. Waliulizwa wako ngazi gani kazini na kama wamewahi kuwasaliti wenzi wao. Kadiri ngazi ilivyopanda, usaliti nao uliongezeka. Wa kijiweni atasema, si nilisema? Lakini matokeo hayakuishia hapo. Wanawake wenye madaraka walikuwa vilevile kama wanaume wenye madaraka, na kwa sababu ileile. Kilichounganisha cheo na usaliti kilikuwa kujiamini: mtu kuwa na hakika kwamba akimtaka fulani, atampata. Kama chanzo kingekuwa maumbile ya kiume, wanawake wale wasingefanana nao.

Mbona basi majina tunayoyasikia karibu yote ni ya wanaume? Sababu mojawapo iko wazi: wao ndio waliojaa kwenye vyeo. Seneti ya Marekani iliyosikiliza mwaka 1999 kesi ya Rais Bill Clinton, aliyeshitakiwa kwa kudanganya kuhusu mapenzi yake ya siri, ilikuwa na wanawake 9 kati ya wajumbe 100. Na mwanamke akifika huko, yanaweza kumkuta. Iris Robinson, mbunge wa Ireland ya Kaskazini na mke wa waziri kiongozi wa huko, aliondoka kwenye siasa mwaka 2010 baada ya uhusiano wake na kijana wa miaka 19 kujulikana.

Kujiamini huko kunajengwaje? Mchukue mvuvi wa ngalawa wa Mikindani. Ndani ya ghuba maji yametulia. Nje, kusi ikivuma, bahari ni nyingine kabisa. Siku moja anatoka wenzake wakiwa wamevuta vyombo pwani. Anarudi na samaki, na kwa kuwa wengine hawakutoka, bei anapanga yeye. Mara ya pili vilevile. Zikipita safari kadhaa haoni tena kwamba anabahatisha, anaona kwamba bahari anaijua kuliko wote. Upepo haujapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni hesabu iliyo kichwani mwake, nayo inahesabu safari alizorudi salama tu. Na kijana anayempakulia samaki hawezi kumwambia leo usitoke, maana naye anakula humohumo.

Mwanasiasa aliyefika juu kapita njia hiyo. Aliambiwa hutashinda, akashinda. Aliambiwa umechuja, akarudi. Kazi yake imemlipa kwa kutosikiliza tahadhari. Majaribio ya Cameron Anderson na Adam Galinsky, yaliyochapishwa mwaka 2006, yanaelekea hukohuko: watu waliojiona wana nguvu walizipima hatari kwa matumaini zaidi, wakawa tayari kuzikabili.

Kisha wako wapambe. Mtazame mheshimiwa kwenye mkutano wa hadhara, uwanja wa shule ya msingi. Viti vyote ni vya plastiki, chake kimetandikwa kitenge. Chupa ya maji inafunguliwa na kufutwa kwa leso kabla hajaiomba. Akitania, meza kuu inacheka kabla utani haujaisha. Binti wa itifaki anampokea kwa tabasamu, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Miaka kumi ya maisha hayo, atajuaje lipi ni tabasamu la kazi? Jonathan Kunstman na Jon Maner walilijaribu hili mwaka 2011: watu waliopewa nafasi ya ubosi waliona kwa wasaidizi wao dalili za kutakwa zaidi ya zilizokuwepo.

Nisizidishe. Utafiti wa Uholanzi ulitegemea watu kujisema wenyewe, na wahojiwa hawakuwa wanasiasa. Pia inawezekana cheo hakimpi mtu ujasiri, bali wenye ujasiri ndio wanaopanda vyeo. Naamini yote mawili yanatokea kwa pamoja, ila kuyatenganisha ni kazi ngumu.

Tena, hatari yenyewe si kubwa kila mara. Bunge la Wawakilishi lilipomshitaki Clinton Desemba 1998, utafiti wa maoni wa shirika la Gallup ulionyesha asilimia 73 ya Wamarekani wakiridhika na utendaji wake. Mark Sanford, gavana wa South Carolina, Marekani, aliyesemekana yuko milimani akitembea kumbe yuko Argentina kwa mpenzi wake, alichaguliwa kuingia bungeni mwaka 2013. Viongozi wengine huyaona hayo yote.

Ila mapenzi ya siri ya watu wazima wawili waliokubaliana ni jambo moja, na yule binti wa itifaki ni jambo jingine. Yeye anatafuta ajira, na anayedhani anatakwa ndiye mwenye kalamu ya kumwajiri. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ina ofisi Mtwara na Lindi, na namba yao ya bure ni 113.